Shahidi wa Dirishani

Milango ya bloku C ilipofunguliwa asubuhi ile, baada ya watu kufungiwa selo zaidi ya wiki nzima, wafungwa walimwagika ushorobani wakinyoosha migongo na kutaniana kuhusu harufu zao. Rozell Tate alitoka kimya. Alikuwa na bahasha ya kaki tumboni, chini ya shati, ameibana kwa mkanda wa suruali, na kila alipovuta pumzi ilimkwaruza. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Bahasha ile ikipokelewa dirishani kabla ya kengele ya kazi, mahakama ya rufaa angalau ingeitupia jicho kesi yake. Isipopokelewa, basi tena, atakaa ndani mpaka azeeke, na mama yake, ambaye figo zilikuwa zimeshamtupa mkono, hatakuwapo kumpokea.

Kesi yenyewe haikuwa ya kujisifia. Alikamatwa kwenye daraja la Helena, upande wa Arkansas, akiendesha gari lenye unga wa kulevya ndani ya tairi la akiba. Gari lilikuwa la ndugu yake Lavelle, mtoto wa mama yake mdogo, na unga ulikuwa wa Lavelle. Kilichokuwa cha Rozell ni ubishi tu. Alisimama mbele ya wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi akasema hajui lolote kuhusu tairi wala unga, nao wakamtazama kama watu wanavyomtazama mtoto mwenye sukari mdomoni. Akapewa miaka ishirini na miwili. Lavelle hakuguswa, kwa sababu hakuna aliyemtaja.

Miaka miwili baadaye, mama yake aliomba faili kutoka kwa wakili Pettibone, yule aliyepewa bure na serikali, na ndani yake mlikuwa na barua ya waendesha mashtaka. Ilikuwa ofa. Kama Rozell angekiri kosa na kutoa ushahidi dhidi ya mwenye mzigo, angefungwa miaka minane. Minane! Rozell aliisoma mara nyingi hata ikachanika kwenye mikunjo. Hakuwahi kuambiwa. Ndipo akapeleka ombi la kutengua adhabu, akisema wakili alimficha ofa. Pettibone akaandika kwamba anakumbuka kumweleza, ingawa hakukumbuka lini wala wapi. Jaji akamwamini Pettibone, na kana kwamba hiyo haitoshi, akaongeza kuwa hata kama hakuelezwa, mtu aliyeiambia mahakama hajui lolote asingekubali ofa ile hata kidogo. Ombi likakataliwa bila mtu yeyote kuitwa kuhojiwa.

Hasira ya Rozell ilikuwa juu ya lile ongezo. Mtu akikwambia huna haki, unaweza kubishana naye. Lakini huyu alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha ngozi, hajawahi kuzungumza naye hata dakika kumi, akaamua moyo wa Rozell ungesema nini.

Uamuzi ule ulichelewa kumfikia. Wakati huo alikuwa amehamishiwa gereza hili, na karatasi ikawa inamfuata kwa mwendo wa konokono, na ile miezi miwili ya kukata rufaa ikaliwa na mifuko ya posta. Siku zilizobaki alizila mzee Whitlow, mwenzake wa selo. Huyu alikuwa amejifunza sheria kwa kesi yake mwenyewe, ambayo alishashindwa mara nne, na kila aliposhindwa wateja wake waliongezeka. Aliandika polepole, akifuta na kurudia, huku akilalamikia magoti. Ni yeye aliyemwambia Rozell ukweli usiomezeka.

"Jaji anasema usingekubali," alimwambia. "Basi lazima uape ungekubali. Na ofa haikatwi vipande, kijana wangu. Ukisema ungekubali minane, umesema ungekubali na ushahidi."

Kwa hiyo katika kiapo kilichoambatanishwa, kwa mwandiko wa Rozell mwenyewe, mlikuwa na sentensi hii: ningekubali masharti yote, pamoja na kutoa ushahidi dhidi ya mwenye mzigo. Huko nje hiyo ni sentensi ya kisheria tu, wanasheria wanaandika kama hiyo wakinywa chai. Ndani ya bloku C ni sentensi inayomtoa mtu kwa machela.

Kisha likaja balaa la simu. Gereza lile watu hula kwa kufuata kwao, kila jimbo na meza yake, na watu wa Arkansas walikuwa na simu yao ya siri, iliyofichwa kwenye gunia la unga wa ngano kule jikoni. Siku moja maofisa waliliendea gunia lile moja kwa moja, hawakupekua jingine. Hata mjinga alijua kuna mtu amechoma, yaani amewanong'oneza maofisa. Bloku nzima ikafungiwa, selo zikapinduliwa chini juu, na chini ya kitanda cha mzee Whitlow ukatolewa mfuko wa pombe ya machungwa yaliyochachuka mpaka yanatoa mapovu. Mzee alidai ni dawa ya kikohozi. Walimpeleka shimo, yaani zile selo za adhabu za chini ambako hata jua huingia kwa kibali, na alipokuwa akiondolewa na pingu mikononi alimgeukia Rozell.

"Dirishani," alisema. "Sandukuni usitie. Na usiende peke yako."

Maneno matatu hayo yalimzunguka Rozell kichwani siku zote za kufungiwa. Alimwomba ofisa aliyepita na chakula aipokee bahasha kupitia tundu la mlango, akajibiwa asubiri kufuli lifunguliwe. Alimwomba wa pili, naye akajifanya hakusikia. Dirishani maana yake ni dirisha la barua za mahakama, mwisho wa ushoroba mkuu, ambako ofisa huipokea bahasha mkononi, akaigonga muhuri na kutia sahihi. Sheria inasema karatasi ya mfungwa iliyopokelewa pale inahesabika imefika mahakamani saa ileile, hata kama posta itaizungusha mwezi mzima. Sanduku la bluu lililo karibu na bwalo ni la salamu na kadi za sikukuu, na cha humo kinahesabika siku kitakapofika. Leo sanduku lile lilikuwa sawa na pipa la taka.

Na kutokwenda peke yake? Hilo halikuandikwa popote, lakini lilikuwa sheria kuliko sheria. Bloku C mtu hazungumzi na ofisa peke yake. Ukiwa na shida na ofisa unamchukua mwenzako wa meza, anasimama kando yako, anasikia kila neno, na watu wakiuliza ulikuwa unasema nini kule, yeye ndiye anayejibu. Siku za kawaida mtu anaweza kulegeza. Siku ya kwanza baada ya msako, ukionekana dirishani bila shahidi, hujakaa sawa umeshakuwa wewe ndiye uliyechoma simu. Na kuku mgeni hakosi kamba mguuni: katika meza nzima ya Arkansas, aliyekuwa hajamaliza hata nusu mwaka ni Rozell peke yake.

Alikwenda kula kifungua kinywa. Uji wa mahindi ulikuwa umeganda, maziwa yalikuwa ya uvuguvugu. Watu wa meza walikula wakitazamana chini kwa chini. Alimwegemea Dewitt wa Pine Bluff, ambaye walikuwa wakicheza naye karata, akamnong'oneza kwamba ana bahasha ya mahakama, leo ni siku ya mwisho, amsindikize dirishani mara moja tu. Dewitt aliendelea kutafuna.

"Kaka, mimi na wewe hatuna ugomvi," alisema bila kumtazama. "Lakini leo hata nikiungua moto siendi kuomba maji kwenye lile dirisha."

Akahama na trei yake, nafasi mbili mbele. Wengine waliona. Rozell alimtazama mwingine, huyo akainamia uji. Saa ya ukutani ilikuwa inakimbia kama inalipwa. Alianza kujiambia kwamba ataenda tu peke yake na liwalo na liwe, kisha akakumbuka kijana wa Tennessee aliyekutwa bafuni mwezi uliopita na taya limehama upande, na miguu ikakataa kunyanyuka.

Hapo ndipo mkono ulipotua begani mwake. Alikuwa Shemasi. Jina lake la kanisani na la serikalini lilikuwa Clifton Yarbrough, lakini hakuna aliyelitumia. Walimwita Shemasi kwa sababu aliombea chakula, na kwa sababu neno lake mezani lilikuwa la mwisho. Alikuwa mrefu, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Ile simu iliyokamatwa, kila mtu alijua, ilikuwa chini yake.

"Nasikia unatafuta shahidi," alisema.

"Ndiyo, Shemasi. Ni rufaa yangu. Leo ndiyo mwisho."

"Nyanyuka. Nitakwenda mimi."

Rozell alishusha pumzi ndefu hata bahasha ikamchoma ubavuni. Walitoka bwaloni pamoja, na watu waliwapisha. Kwa hatua chache alikuwa mtu mwenye bahati kuliko wote gerezani. Walipofika kwenye kona ya ndoo na mafagio, kabla ushoroba haujanyooka kwenda dirishani, Shemasi alisimama.

"Mimi sisimami kando ya karatasi nisiyoijua," alisema. "Nilichopoteza wiki iliyopita unakijua. Nitolee hiyo bahasha niisome. Yote."

Rozell alisema ni taarifa ya rufaa tu, karatasi ya kawaida, mzee Whitlow ndiye aliyeandika. Shemasi akasema vizuri, basi haitachukua muda. Rozell akasema imeshafungwa kwa gundi. Shemasi akanyoosha kiganja na kuacha kiwe wazi.

Kutoka pale Rozell aliliona sanduku la bluu, mlango wake wa bati ukiwa umejaa mikwaruzo. Angeweza kusema basi, nimebadili mawazo, akaitumbukiza humo na kurudi kula uji wake kwa amani. Hakuna ambaye angemgusa. Angekaa meza ya Arkansas, angecheza karata na Dewitt, na miaka ingemwagika taratibu mpaka iishe. Aliwaza pia kuchomoa kurasa za kiapo, lakini afanyeje na jicho la Shemasi limemkaa kifuani? Mficha uchi hazai, mama yake alipenda kumwambia, kila alipomkuta anaficha kidonda asipelekwe kwa daktari. Rozell alifungua kifungo cha shati, akaitoa bahasha ikiwa na jasho lake, akampa.

Shemasi aliichana pembeni kwa uangalifu. Alisoma polepole, kidole kikitembea chini ya mistari. Watu walipita wakielekea kwenye foleni za kazi, wakawaona, wakaongeza mwendo. Ukurasa wa kwanza aliupita. Wa pili aliupita. Kwenye kiapo kidole kikasimama, kikarudi mwanzo wa mstari, kikatembea tena. Rozell alitazama ndoo za maji machafu na kujihesabu maiti.

"Hapa unaapa ungekubali," Shemasi alisema kwa sauti ya chini. "Kutoa ushahidi."

"Ndiyo."

"Huyo mwenye mzigo ni nani kwako?"

"Mtoto wa mama mdogo."

Shemasi akavua miwani. Macho yake bila vioo yalikuwa madogo na yamechoka. "Na ungemsema?"

Hilo swali Rozell alikuwa amelikimbia tangu siku alipoiona ile barua. Akisema hapana, kiapo chake ni uongo na jaji yule alikuwa sahihi. Akisema ndiyo, amejiita mchongeaji kwa mdomo wake, mbele ya mtu anayemtafuta mchongeaji. Akamwona Lavelle akiwa na miaka saba, wamelala kitanda kimoja, akimwambia asimwogope mbwa wa jirani. Akamwona Lavelle huyohuyo kwenye karakana yake ya kuosha magari, mikono mfukoni, anamwambia ni safari moja tu, kaka, nenda urudi. Akamwona pia kama alivyo sasa, maana ndiye anayempeleka mama kliniki kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, anamshika mkono kupanda ngazi. Angekuwa ndani, nani angempeleka? Rozell alilitafuta jibu kwa kweli, kwa mara ya kwanza, na hakulipata.

"Sijui," alisema. "Hakuna aliyeniuliza."

"Hukuandika sijui hapa."

"Jaji hamsikilizi mtu anayesema sijui."

Shemasi alitoa pumzi puani, nusu kicheko. Akazirudisha karatasi ndani ya bahasha, moja baada ya nyingine, akizipanga sawasawa. "Mimi niliulizwa," alisema. "Niliulizwa vizuri tu, na kahawa nikapewa. Nikasema hapana, nikajiona mwanamume. Binti yangu alikuwa bado anatambaa. Sasa ana mtoto wake, na hao wote wawili nilikuwa nawasikia kwenye ile simu." Akampa bahasha. "Twende. Nimesema nitakusindikiza."

Dirishani alikuwapo afande Holcomb, mwanamke mnene asiyependa asubuhi. Alikuwa ameanza kuteremsha pazia la chuma. Rozell akaweka mkono chini yake bila kufikiri, na pazia likamgonga vidole.

"Unataka nikuvunje mkono nikaandike ripoti?" afande aliuliza.

"Barua ya mahakama, afande. Leo ni siku yake ya mwisho."

Alimtazama, kisha akamtazama Shemasi. "Na wewe?"

"Nasikiliza tu," Shemasi alijibu.

Afande alijua mila ile kama wao wenyewe walivyoijua, hakuuliza zaidi. Aliigeuza bahasha, akaona upande uliochanwa, akasema hapokei kitu kilicho wazi. Rozell hakuwa na gundi, hakuwa na kitu, na juu ya vichwa vyao kipaza sauti kilikuwa kimeanza kukwaruza kama kinavyofanya kabla ya kengele. Akaanza kusema tafadhali, akasema tafadhali tena, na sauti yake ikawa nyembamba hata akaichukia. Shahidi hana ruhusa ya kusema. Lakini Shemasi alinyoosha mkono, akabandua ile plasta ya hospitali aliyokuwa nayo kwenye kidole gumba, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha.

Afande Holcomb akaitazama ile plasta yenye doa kavu la damu. Aliguna kwa kinyaa, akafungua droo, akatoa selotepu yake mwenyewe, akaifunga bahasha, akagonga muhuri wa tarehe, akatia sahihi. Kengele ya kazi ililia kalamu ikiwa bado mkononi mwake. Pazia likashuka.

Rozell aliegemea ukuta. Alitaka kumkumbatia Shemasi, lakini uso wa Shemasi haukuwa uso wa kukumbatiwa.

"Simu hukuichoma wewe," Shemasi alisema. "Mtu aliyeichoma asingenipa karatasi ile niisome. Hilo nitawaambia, na hakuna atakayekugusa kwa ajili ya simu."

"Asante, Shemasi. Sijui nikuambie nini."

"Ngoja kwanza ushukuru. Wataniuliza bahasha ilikuwa na nini. Shahidi hadanganyi, akidanganya mara moja hana kazi tena. Nitawaambia kilichoandikwa." Alivaa miwani yake, akaukaza uzi. "Kwa hiyo meza yetu usije tena. Mchana utafute pa kukaa."

Rozell alimwuliza, kwa sauti ambayo hakuitambua, kama atawaambia pia alivyojibu, kwamba hajui. Shemasi akasema atawaambia. Ila watu, akasema, wanakumbuka maandishi kuliko majibu. Kisha akaenda zake kwenye kazi ya kufua, akitembea katikati ya ushoroba kama mtu asiye na deni.

Asubuhi nzima Rozell alifyeka majani uani na hakuona hata jani moja alilolifyeka. Barua imepokelewa, alijiambia. Imepokelewa, imegongwa muhuri, mlango uko wazi. Alijilazimisha kufurahi, lakini furaha haina mazoea ya kulazimishwa. Kila kivuli kilichomkaribia mgongoni kilimgeuza.

Mchana ilikuwa siku ya kuku, siku ambayo hata wagonjwa hupona. Bwalo lilikuwa limejaa na kelele zake zilisikika tangu uani. Rozell alipewa paja lake na maharage na kipande cha mkate wa mahindi, akageuka na trei mkononi. Meza ya Arkansas ilikuwa palepale, na pale alipozoea kukaa palikuwa na kofia ya Dewitt. Hakuna aliyeinua kichwa. Waliojua walikuwa wameshajua. Akatazama meza ya Tennessee, akatazama ya Mississippi, akatazama ile ya Wameksiko na ile ya weupe wa milimani, na kila alipotazama watu walipanua kidogo viwiko vyao. Kule mwisho, chini ya feni bovu, kulikuwa na meza ya wale wasio na watu, waliofungwa kwa makosa dhidi ya watoto na wale waliowahi kuwasema wenzao. Mmoja wao alimsogezea kiti kwa mguu, bila uadui, kama mtu anayempokea mgeni aliyekuwa akimtarajia. Rozell alisimama pale na trei yake muda mrefu kuliko ilivyo salama. Kisha akaipeleka kwenye tundu la vyombo, paja likiwa zima, akatoka.

Alasiri ilipofika zamu yake ya simu ya ukutani, ile halali, inayorekodiwa, alikaa ameuelekea ukuta. Mama yake alipokea kabla mlio wa pili haujaisha.

"Wameipokea?"

"Wameipokea, Mama. Ina muhuri."

Upande wa pili akamsikia analia taratibu na kumshukuru Mungu kwa majina yake yote. Alimwuliza kama amekula. Rozell akasema amekula kuku. Mama akasema yeye ndiyo ametoka kliniki sasa hivi, wamemchosha, lakini habari hii imemwamsha, na hapa yuko garini na Lavelle, ngoja ampe simu, mtoto wa watu tangu asubuhi anauliza tu habari za karatasi. Rozell alisema hapana, Mama, apumzike tu, lakini simu ilikuwa imeshabadili mikono.

"Kaka!" Sauti ya Lavelle ilikuwa nzito na ya furaha kama zamani. "Nimesikia. Safi sana. Sasa wakikubali, wanakuachia?"

"Si moja kwa moja," Rozell alisema. Alikuwa anachagua maneno, maana mashine ilikuwa inasikiliza. "Nikishinda wanarudi nyuma, pale Pettibone alipokosea. Wanaanzia pale."

"Wanaanzia wapi? Mimi sielewi mambo yenu ya sheria."

Rozell naye alikuwa hajaelewa mpaka alipolisema kwa mdomo wake. Miaka yote hii alikuwa amepigania miaka minane, ameiandika, ameiota, ameihesabu. Lakini jaji hagawi miaka minane hivihivi. Akishinda, waendesha mashtaka watairudisha ofa mezani kama ilivyokuwa, yote, bila kukatwa kipande, na mtu mwenye suti atakaa mbele yake, na kahawa pengine, na kusubiri.

"Wataniuliza swali moja," alisema. "Lile ambalo sikuulizwa."

Sauti ya mashine iliingia kati ikasema dakika iliyobaki ni moja. Nyuma yake mama alikohoa, na Lavelle akaondoa mdomo kwenye simu akamwambia kwa upole, mama mkubwa, funga mkanda, nakuja kukusaidia, usijitoneshe ule mkono wenye sindano. Kisha akarudi.

"Swali gani, kaka?"

Rozell alikuwa ameshika mkono wa simu kwa mikono miwili. Nyuma ya mgongo wake foleni ilikuwa inanong'ona, na hakugeuka kuona ni nani.

"Bado hawajaniuliza," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuandika makaratasi yale, alimwomba Mungu wasimwulize.